Sista Aliyeandika Alhamisi

Nimeulizwa mara nyingi ni nini kilichonifanya niwe muuguzi. Huwa najibu kwamba ni wito. Wanaouliza ni wasichana wa chuo, na sitaki kuwaharibia siku. Lakini haukuwa wito. Nilisomea uuguzi kwa sababu ya mwanamke mmoja niliyetaka kumvua gauni lake jeupe, na sikuona njia nyingine ya kumfikia.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, na Uhuru ulikuwa bado mpya. Dada yangu alikuwa ameolewa mwaka uliotangulia, katika kijiji cha ng'ambo ya kilima chetu huko Muleba. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, mwenye maneno mengi, na alikuwa na tabia ya kuimba nyimbo za kanisani akimenya ndizi. Uchungu wa mimba yake ya kwanza ulimshika Jumanne mchana. Jua lilipokaribia kuzama, bibi aliyetuzalisha sisi sote pale kijijini alimpapasa tumbo, akaenda kunawa mikono, kisha akamwambia mama, "Huyu mtoto amekwama. Mpelekeni Bukoba, msingoje."

Tulipanda basi la alfajiri, mama na mimi, dada amelala kwenye kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama. Shemeji alitusindikiza hadi barabarani, akarudi kuangalia kahawa yake iliyokuwa imeanikwa. Mama hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa familia.

Tulifika hospitali saa mbili asubuhi, siku ya Jumatano. Karani wa mapokezi, mzee wa mjini mwenye kofia ya kufuma, aliandika huku akitamka kila neno: jina, kijiji, siku, saa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu wangu. Akatuelekeza wodi ya wazazi, na huko ndiko tulikomkuta Sista.

Alikuwa mrefu, mweupe wa gauni na aproni, na mkanda kiunoni wenye bizimu inayong'aa. Alimtazama dada kwa muda usiotosha kufunga kifungo cha shati.

"Mimba ya ngapi?"

"Ya kwanza, Sista," nikasema. "Ameanza jana mchana. Bibi wa kijijini anasema mtoto amekwama."

"Bibi wa kijijini alisomea wapi?" Akawageukia wauguzi wenzake, wakacheka. "Mlazeni kitanda cha mwisho. Huyu bado sana. Watu wa shamba mkisikia tumbo linauma kidogo mnakimbilia basi."

Dada alilazwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Alijizuia kadiri alivyoweza, lakini kabla ya saa sita akaanza kulia akimwita mama kwa Kihaya, "Mawe! Mawe!" Sista alikuja, akamchapa kibao cha paja, kikalia kama mtu anayekung'uta nguo iliyolowa.

"Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba ulipiga kelele hivi?"

Wanawake wengine waliolala pale waligeuza nyuso ukutani. Mama aliniuliza kwa Kihaya Sista amesema nini. Sikumtafsiria. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumficha mama jambo kwa sababu ya aibu ya mtu mwingine.

Nilimfuata Sista mara tatu siku ile. Alikuwa chumba cha wauguzi akifuma kitambaa cha meza, cha rangi ya samawati. Mara ya kwanza alisema atakuja. Mara ya pili alisema nisimsumbue. Mara ya tatu nilipiga magoti, kama tunavyowapigia wakubwa kwetu, nikasema, "Waitu, nakuomba, mtazame hata kidogo tu." Hakunyanyua macho kwenye uzi. Alisema, "Kama unaujua ukunga, kamzalishe wewe."

Jioni alivua aproni akaenda kwake. Aliyebaki alikuwa msichana mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, peke yake na wodi nzima. Alimpima dada, akaweka ile pembe ya kusikilizia tumboni, akasikiliza muda mrefu, na nikaona uso wake unabadilika. Nikamwambia amwite daktari. Akasema kwa sauti ndogo, "Sista amekataza daktari kuitwa bila ruhusa yake." Alimletea dada maji. Ndicho alichoweza.

Daktari alipita Alhamisi mchana, na hata hapo alikuwa akielekea wodi nyingine. Alisimama kwenye kitanda cha mwisho kwa sababu ya harufu. Baada ya hapo watu walikimbia, vyombo vikagongana, tukatolewa nje. Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa amekufa tangu haijulikani lini. Tulimzika kwenye kibanja cha baba, chini ya migomba ya nyuma, kwa sababu ukoo wa shemeji haukutuma mtu kumchukua.

Siku chache baadaye mkojo ulianza kumtoka dada wenyewe, bila kujua, mchana na usiku. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimebana muda mrefu mno, nyama za ndani zikaoza, pakabaki tundu. Leo kila mkunga anaijua fistula. Wakati ule sisi tulijua tu kwamba dada analowa. Shemeji alivumilia hadi msimu wa senene, kisha akamrudisha kwa baba na godoro lake limekunjwa juu ya baiskeli.

Dada aliacha kwenda kanisani. Aliacha kuimba. Alikuwa anakaa nyuma ya nyumba, anafua matambara, anayaanika mahali ambapo mpita njia hawezi kuyaona, na akisikia mgeni anabisha anaingia migombani. Mimi nilikuwa nikirudi shuleni namkuta hivyo, nami nilikuwa naweka vitabu chini na kumfikiria yule mwanamke akifuma. Sikumwombea mauti, maana kufa kungemaliza mambo upesi. Nilitaka apoteze kitu ambacho asubuhi na jioni angekikumbuka.

Nilipomaliza shule nilijaza fomu ya uuguzi. Baba alifurahi. Padri alinibariki. Siku ya kuapa tulisimama mstari mmoja na taa mikononi, tukaahidi kutomdhuru mgonjwa, kutunza siri zake, kutokuficha kosa. Wenzangu walikuwa wanalia kwa furaha. Mimi nilikuwa natamka kila neno polepole, nikiyahesabu kama mtu anayekagua mapanga dukani.

Kisha nikaomba kupangiwa Bukoba.

Hapo tulikuwa tayari katika miaka ya ujamaa. Huko Muleba watu walikuwa wanahimizwa kuanzisha vijiji vipya kwenye rweya, yale majani matupu ambako hata mgomba haukubali. Mjini, kila ofisi ilikuwa na mkutano wa Chama. Sista hakuwa tena sista wa kawaida. Alikuwa mkuu wa wodi ya wazazi, mjumbe wa akina mama, na alikuwa akisimama kwenye majukwaa kusema juu ya afya ya mama na mtoto. Ilisemekana metroni akistaafu, yeye ndiye atakayeshika nafasi yake.

Hakunikumbuka. Nilikuwa nimejitayarisha kwa miaka mingi kumtazama machoni, nikafika mbele yake na barua yangu, akasoma, akatabasamu. "Mhaya wa wapi wewe?"

"Wa Muleba, Sista."

"Vizuri. Watu wa Muleba mnajua kazi. Utakaa nami."

Nilikaa naye zaidi ya mwaka. Hili ni gumu kulisema, lakini nitalisema: alikuwa mkunga hodari kuliko wote niliowahi kuwaona, kabla yake na baada yake. Alipotaka. Mtoto aliyetanguliza makalio alimtoa kwa mikono miwili mitupu, kimyakimya, kama mtu anayetoa mkate kwenye chungu bila kuuvunja. Alinifundisha yote hayo. Aliniita binti yangu. Nilikuwa napanga chumba Bilele, na mvua ikinyesha alinipa mwavuli wake. Kwake Kitendaguro nilikula Pasaka, nikapikiwa ndizi na samaki, nikatafuna kahawa na mumewe. Nilicheka walipocheka.

Lakini mke wa ofisa akija kujifungua, Sista alikuwa mwingine. Alimshika mkono, alimfuta jasho. Na mwanamke wa shamba akija, amevaa kanga iliyochanika, kibao cha paja kilisikika, na lile swali lake la miaka yote. Nilisikia mara nyingi sana. Nilikuwa nasimama pembeni na beseni la pamba, nikisema moyoni, endelea. Ongeza.

Nilichokuwa nakitafuta ni karatasi. Maneno ya mwanamke wa shamba dhidi ya mkuu wa wodi yasingefika popote. Mwaka ule karatasi ziliadimika, tukawa tunaandikia ripoti za zamu nyuma ya fomu za zamani, na Sista akanituma stoo nikatafute madaftari yenye kurasa tupu. Alinipa ufunguo mwenyewe.

Nilikuta vitabu vya wodi vimefungwa kamba, mwaka juu ya mwaka. Nilifungua cha mwaka wetu, nikashuka na kidole. Jina la dada lilikuwa pale, kwa mwandiko wa Sista, na mbele yake: ameletwa Alhamisi saa nne asubuhi, amechelewa sana, amenyweshwa dawa za kienyeji.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya stoo. Miaka yote nilidhani alikuwa mvivu na mwenye dharau. Sikujua kwamba alikuwa amekaa, akachukua kalamu, akaifuta Jumatano yetu. Siku nzima na usiku mzima wa dada yangu, na safari zangu tatu za kumwomba, vilikuwa havijawahi kutokea. Na kosa lilikuwa letu, sisi na dawa zetu za kienyeji, ambazo dada hakunywa hata tone.

Vitabu vya mapokezi vilikuwa rafu ya chini. Yule karani mzee alikuwa ameshafariki, lakini mwandiko wake ulikuwa palepale, mzuri kama nilivyouacha: Jumatano, saa mbili asubuhi.

Nilivifunga vitabu vyote viwili kwenye kanga, nikatoka navyo nikipita mbele ya mlinzi, nikamwambia nimebeba nguo za kufua. Nilijua ninachofanya. Vitabu vile vilikuwa na siri za mamia ya wanawake, na niliapa kuzitunza. Nilivilaza chini ya godoro langu Bilele na nilivilalia kwa miezi.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi kwenda kumtafuta yule aliyekuwa mwanafunzi. Nilikuwa nimeulizia: sasa alikuwa muuguzi wa zahanati katika kijiji kimoja cha ujamaa huko Muleba. Nilimkuta akichoma sindano watoto chini ya paa la bati lisilo na dari, watu wa zamu ya shamba la kijiji wakipita na majembe. Alipomaliza nikamwambia mimi ni nani. Alikaa kwenye sanduku la dawa.

"Namkumbuka dada yako," akasema. "Nilisikiliza mapigo ya mtoto saa tatu usiku, yalikuwepo. Nilisikiliza tena baadaye, hayakuwepo. Sijawahi kumwambia mtu."

"Utaliambia baraza la wauguzi?"

"Nina watoto. Yule mama ana watu kwenye Chama. Wewe unajua atanifanya nini?"

"Hatakuwa na uwezo wa kukufanya lolote. Nitahakikisha."

"Na kama nikikataa?"

Nilimwambia jambo ambalo mpaka leo silionei fahari. Nilimwambia kwamba akikataa, barua yangu itakuwa na majina mawili badala ya moja, kwa sababu yeye pia aliujua ukweli akaunyamazia. "Kumbe wewe ni kama yeye," akasema. Lakini alikubali.

Niliandika barua kwa baraza linaloshika leseni zetu. Niliandika kwa mkono, mara nne, mpaka hapakuwa na neno la hasira ndani yake. Sikuandika kwamba mgonjwa alikuwa dada yangu. Niliandika: mgonjwa. Nikapeleka posta, nikarudi wodini, nikamsaidia Sista kuhesabu mashuka.

Ilichukua miezi. Katika miezi hiyo metroni alistaafu, na Sista akatajwa rasmi kuwa mrithi wake. Wauguzi walichanga wakampikia. Mimi ndiye niliyechaguliwa kumkabidhi zawadi, kitenge cha doti nzima, na alinikumbatia mbele ya watu. Juma lililofuata simu ya maandishi ilifika: watu watatu wa baraza wanakuja kusikiliza shauri, na Sista asimamishwe kazi mpaka litakapokwisha.

Alikuja kwangu kwanza. Mimi, kati ya wote. "Binti yangu, kuna mtu ananifanyia ubaya," akasema, macho mekundu. "Umesikia lolote?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

Nilikuwa nimeisubiri dakika hiyo tangu nina miaka kumi na sita, na sitadanganya kwamba haikuwa tamu. Ilikuwa tamu. Aliniuliza, "Nimekukosea nini?" Nilimwacha arudi nyumbani akajitafutie jibu.

Kilichobaki kilikuwa dada. Nilikwenda nyumbani, nikamkuta pale nyuma, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikamua tambara.

"Nani alikutuma?" akauliza.

"Hakuna. Nimefanya kwa ajili yako."

"Mimi sikukuomba. Unataka nikakae mbele ya watu wa Dar es Salaam niwaonyeshe ninavyolowa?"

"Wakikuona hawatabisha."

"Mdogo wangu, nimejificha miaka yote hii ili nisionekane."

Nilimlazimisha. Sina neno jingine. Nilimtumia mama, nikamtumia baba, nikamwambia baba kwamba heshima ya ukoo imeandikwa uongo katika kitabu cha serikali. Baba alimwamuru, na dada akapanda basi la Bukoba kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatano, amejifunga kanga tatu.

Baraza lilikaa katika ukumbi wa mikutano, asubuhi, madirisha wazi, ziwa linaonekana kwa mbali. Mwenyekiti alikuwa muuguzi mzee, mama mfupi mwenye miwani, aliyesema polepole kama mtu anayesoma. Sista alikuja amevaa sare kamili. Alijibu vizuri. Alisema karani wa mapokezi alikuwa mzee, huenda alikosea siku. Alisema wodi ilikuwa na wagonjwa wengi na wauguzi wachache, jambo ambalo lilikuwa kweli. Niliona mmoja wa wale watatu akitikisa kichwa kumkubali.

Ndipo muuguzi wa zahanati aliposimama. "Alinikabidhi mgonjwa huyo Jumatano jioni," akasema, "kwa mdomo wake. Aliniambia, kitanda cha mwisho bado, usimsumbue daktari. Jumatano, si Alhamisi. Alhamisi nilikuwa siko zamu."

Halafu dada aliitwa. Alisimama katikati ya ukumbi, na woga ulifanya kila kitu kuwa kibaya zaidi. Kanga zote tatu hazikutosha. Kabla hajamaliza kutaja jina lake, maji yalianza kutiririka kwenye saruji, taratibu, yakifuata mteremko wa sakafu hadi kwenye mguu wa meza. Dada aliinamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua.

Nami nilifanya nini? Ningeweza kuinuka nikamfunika. Nilikuwa hatua tano tu kutoka aliposimama. Nilikaa palepale, nikatazama uso wa Sista, kwa sababu nilitaka kuuona anapoyaona maji yale. Aliyeinuka ni mwenyekiti. Alivua koti lake, akamfunga dada kiunoni, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe.

Sista alivua kofia yake akaiweka mezani. "Niliandika Alhamisi," akasema. "Daktari alikuwa mgeni, mkali, angenifukuzisha kazi. Nilikuwa na watoto wanne na mume hana kazi. Nilidhani yule msichana atakufa, na mtu akifa kitabu hakimdhuru." Kisha akamgeukia dada. "Sikujua kama unaishi hivi."

Dada alilivuta lile koti, akalikaza kiunoni.

Nilifikiri tumemaliza, lakini mwenyekiti aliniita mbele. Alikuwa na barua yangu mkononi.

"Huyu mgonjwa ni nani wako?"

"Ni dada yangu, wa tumbo moja."

"Hukuandika."

"Hapana."

"Vitabu hivi ulivipataje?"

"Nilivichukua stoo nikavilaza nyumbani kwangu."

"Umefanya kazi na Sista huyu zaidi ya mwaka. Umemwona akipiga wagonjwa?"

"Mara nyingi."

"Uliandika ripoti?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Nikasema lililokuwepo moyoni. "Nilikuwa nangoja kosa kubwa zaidi. Kwa kibao angepewa onyo tu."

Mwenyekiti alivua miwani. "Kwa hiyo wale wanawake waliopigwa mwaka huu walikuwa wagonjwa wako pia," akasema. "Uliwatumia."

Sista alifutwa katika daftari la wauguzi. Alitakiwa kurudisha leseni na beji yake kabla ya jua kuzama siku ileile. Mimi nilipewa karipio la maandishi, ambalo mpaka leo liko kwenye faili langu, na nikahamishiwa Muleba, kwenye zahanati ya kijiji. Nilitia sahihi bila kusoma mara mbili. Kisha nikaenda kusimama getini. Nilimsubiri atoke. Alipita bila mkanda, bila kofia, sare imekunjwa ndani ya kikapu, na watu waliokuwa wakimwamkia kila asubuhi walijifanya wanatazama barabara. Alinipita karibu kiasi cha kusikia anavyopumua. Nilishiba.

Dada hakusema nami karibu miaka miwili. Nilikuwa nafanya kazi mwendo wa saa moja tu kutoka nyumbani, nikija ananipa uji, ananipa kiti, hanipi neno. Mwenyekiti yule ndiye aliyemwandikia barua daktari mpasuaji wa hospitali ya misheni, bila kutuambia, na siku moja dada akaitwa. Alipasuliwa mara mbili. Mara ya kwanza haikushika, ya pili ikashika. Mimi, muuguzi mwenye leseni, katika miaka yote ile sikuwahi hata kuuliza kama tundu lile lingeweza kuzibwa. Nilikuwa na shughuli nyingine.

Aliporudi amekauka, alikaa mbele ya nyumba, upande wa barabarani, akichambua maharage. Nikakaa karibu naye. Ndipo aliponiambia, "Siku ile ukumbini nilikutazama. Nilikuwa nakuita kwa macho."

"Nilikuona," nikasema.

"Najua uliniona."

Hatujalizungumza tena. Baadaye aliolewa na mgane wa kijiji cha jirani, mtu mpole mwenye watoto wake, na amewalea.

Mtu angefikiri kwamba hapo hasira yangu ilikwisha. Mwaka mmoja nilikuja mjini kuchukua dawa, nikasikia kwamba wanawake wa mitaa ya Kitendaguro na Bakoba wanakwenda kuzalia nyumbani kwa Sista kisirisiri, kwa sababu ya mikono yake. Nikapanda hadi kwake mchana huohuo. Nilimkuta kwenye kibanja anatoa magugu, amevaa kanga iliyochanika. Alikuwa amezeeka upesi. Alinyoosha mgongo, akanitambua mara moja safari hii.

"Nyegera, waitu," akasema, akanikaribisha kama mgeni yeyote. Akataka kuingia ndani kuniletea kahawa ya kutafuna.

"Sitakaa," nikasema. "Nimesikia unazalisha."

"Wanakuja wenyewe. Nimfukuze mwanamke mlangoni?"

"Huna leseni."

"Siwapigi tena," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tangu siku ile sijainua mkono juu ya mtu. Muulize yeyote."

Nilimwamini. Hilo ndilo baya zaidi ninaloweza kulieleza juu yangu mwenyewe: nilimwamini, na bado nikateremka kilima hadi ofisi ya afya, nikaandika taarifa kwamba mtu aliyefutwa anafanya ukunga bila kibali, nikataja mtaa na nyumba. Ilikuwa kweli, na ilikuwa wajibu wangu kwa mujibu wa kanuni za kazi. Karani alinishukuru kwa kuwa muuguzi mwadilifu. Walikwenda kwake wakamchukulia mkasi, pembe ya kusikilizia na beseni, na balozi wa nyumba kumi akaambiwa amchunge.

Alifariki miaka michache baadaye. Wauguzi wa zamani waliniletea habari Muleba, wakasema kuna nafasi kwenye gari la kwenda mazishini. Niliwaambia ni siku ya kliniki ya wajawazito. Ilikuwa kweli, walikuwa wamejaa kibarazani tangu asubuhi, wengine wametembea kutoka vijiji vya mbali. Gari liliondoka. Nikamwita wa kwanza, msichana wa mimba ya kwanza, akaja akiwa na woga, nikamwonyesha kitanda, nikaanza kumpima.